Kumtisha Msomaji Hakutoshi

Leo nataka tuanze na wasichana wawili wanaozungumza faraghani. Mmoja anaitwa Lauren, mwenzake Joanne. Wote ni vigori, na wanaishi katika mtaa uliozungushiwa ukuta, si mbali na jiji la Los Angeles. Nje ya ukuta huo watu hawana kazi, hawana maji, na wanauana. Lauren anamwambia rafiki yake kwamba ukuta huu hautatulinda siku zote. Tujifunze sasa ni mimea ipi inaliwa, tujifunze kufunga majeraha, kila mmoja awe na mfuko wake tayari wa kukimbia nao. Joanne anaingiwa na hofu. Anakwenda kumwambia mama yake, na maneno yanazunguka mpaka yanamfikia baba yake Lauren, ambaye ni mchungaji wa mtaa ule.

Baba anamwita binti yake. Hamwambii kwamba ameona vibaya. Hatari anaijua, ameiona kabla ya huyu mtoto kuzaliwa. Anachomwonya ni ile njia aliyoipita. Ukiwatisha watu, na kesho yake jambo lisitokee, wala kesho kutwa, hofu inawatoka, na wewe hawakusikilizi tena. Afadhali uwafundishe.

Mazungumzo hayo yamo katika riwaya ya Parable of the Sower ya Octavia Butler, Mmarekani mweusi, iliyotoka mwaka 1993. Jina la riwaya limetokana na ule mfano wa mpanzi katika Injili. Nimelitanguliza onyo la mzee huyu kwa sababu naamini mle ndani Butler alikuwa anazungumzia pia kazi yake mwenyewe. Yeyote anayeandika riwaya za kesho mbaya, hizi ambazo wahakiki huziita riwaya za distopia, anakutana na tatizo la Lauren. Kutisha ni rahisi. Choma mji, ua nusu ya watu, weka askari wenye miwani myeusi kila kona. Msomaji atashtuka kurasa ishirini za mwanzo. Kuanzia ya ishirini na moja atakuwa amezoea, na mwandishi hana tena cha kumpa isipokuwa maiti zaidi.

Basi Butler alifanyaje? Nataka tukae hapo leo.

Alizaliwa Pasadena, California, mwaka 1947. Baba yake, mng'arisha viatu, alifariki Octavia akiwa bado mdogo. Mama alikuwa mtumishi wa ndani katika nyumba za Wazungu, akiingia kwa mlango wa nyuma, na vitabu vilivyotupwa na matajiri wake alivibeba akampelekea binti. Octavia alikuwa mrefu, mwenye haya, na kusoma kulimpa taabu kwa sababu herufi zilimchanganya. Akiwa na miaka kumi aliomba mashine ya kuchapa, akanunuliwa. Ukubwani alifanya vibarua vya kila namna: aliosha vyombo, aliuza bidhaa kwa simu, alikagua vibanzi vya viazi kiwandani. Aliamka saa nane usiku ili aandike kabla ya kwenda kibaruani. Hakuendesha gari maisha yake yote, na hilo kwa mtu wa Los Angeles si jambo dogo. Alipanda basi. Ndani ya basi alisikiliza na kutazama, akiwa na daftari lake. Leo madaftari hayo pamoja na maelfu ya karatasi zake yamehifadhiwa katika maktaba ya Huntington, pale San Marino, jirani kabisa na alikozaliwa.

Hadithi ya Lauren imeandikwa kama shajara, na tarehe ya kwanza ni Julai 2024. Kwa hiyo mwaka huo ulipofika kweli, wasomaji walikifungua kitabu upya. Januari 2025 moto mkubwa uliteketeza sehemu kubwa ya Altadena, mji ulioko ubavuni mwa Pasadena, ambako Butler mwenyewe amezikwa. Watu wakaona kwamba katika shajara ya Lauren nako kuna moto, tarehe 1 Februari 2025. Wakakumbuka pia kwamba katika kitabu kilichofuata, Parable of the Talents cha 1998, yumo mgombea urais anayewaahidi Wamarekani kuirudishia nchi yao ukuu. Sifa zikamiminika: huyu mama alikuwa nabii.

Mimi sikubali. Naona kumwita nabii ni kumpokonya jasho lake. Ile kaulimbiu ya ukuu wa Marekani hakuletewa na malaika, maana Ronald Reagan aliitumia katika kampeni yake ya mwaka 1980, na Butler alikuwa hai, anasoma magazeti. Ukame wa California aliouandika alikuwa anauishi, kwa sababu jimbo hilo lilikaukiwa kuanzia mwaka 1987 hadi 1992. Kuhusu joto la dunia, mwanasayansi James Hansen alikwishatoa ushahidi mbele ya Seneti mwezi Juni 1988, na magazeti yakaandika. Magereza yalikuwa yanajengwa kwa kasi. Butler alikuwa anakata vipande vya magazeti na kuvihifadhi kwa mada: chakula, maji, dawa za kulevya, shule. Akajiuliza swali moja kwa kila kipande. Hili likiendelea hivi hivi, na asitokee mtu wa kulizuia, baada ya miaka thelathini tutakuwa wapi? Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Yeye aliyatazama mawingu, akaandika alichokiona, akaweka na tarehe.

Aliwahi kusimulia katika makala yake ya mwaka 2000 jinsi mwanafunzi mmoja alivyomuuliza kama kweli anaamini shida hizo zote zitakuja. Akamjibu kwamba hakuzibuni yeye. Alichukua shida tunazozipuuza leo, akazipa muda wa kukua.

Lakini vipande vya gazeti, hata viwe elfu, si riwaya. Hapa ndipo ufundi unapoanza, na hapa ndipo pananivutia zaidi.

Chukua maji. Mwandishi mwingine angetuonyesha mto uliokauka na mifupa ya ng'ombe. Butler anatupa bei. Katika dunia ya Lauren maji yanauzwa ghali kuliko petroli, na wachuuzi wa maji huuawa ili wanyang'anywe mzigo wao. Kisha kuna ukurasa ambapo mvua inanyesha, mwezi Machi 2025. Ni miaka sita tangu Lauren aione mvua kama hiyo. Watu wa mtaa wanatoa mapipa, mabeseni na ndoo, kila chenye tumbo kinawekwa nje kikinge, kwa sababu hayo ni maji ya bure. Msikilizaji wangu wa Dodoma au Kitui hahitaji kufafanuliwa picha hiyo. Na nguvu yake iko hapo. Binti haandiki kwa mshangao kwamba maji yana bei. Anashangaa kwamba leo hayana bei. Mazoea yake yametuambia zaidi ya hotuba nzima juu ya tabianchi.

Ndiyo maana nasema msiba si kazi ngumu ya mwandishi huyu. Kazi ngumu ni mazoea. Watu wamefikaje mahali pa kuona jambo hili ni la kawaida? Katika mtaa ule polisi hulipwa ndipo waje kuchunguza wizi, na mara nyingi hawaleti faida yoyote, basi watu hawawaiti. Hakuna anayelalamika kwa sauti. Watoto hufundishwa kulenga shabaha wakiwa wadogo, kama sehemu ya malezi. Wazee wanaokumbuka zamani wanangojea mambo yatengemae, na hao ndio Lauren anaowaogopea, kuliko wahalifu wa nje. Kuna vizazi viwili ndani ya ukuta mmoja: waliopoteza dunia fulani, na waliozaliwa baada ya dunia hiyo kupotea. Ugomvi wao wa chini kwa chini ndio unaoisukuma nusu ya kwanza ya kitabu.

Na Joanne je, yule aliyeogopa? Familia yake inahama. Kuna mji wa pwani uitwao Olivar ambao kampuni kubwa imeununua wote, wenye ulinzi na maji yaliyosafishwa chumvi. Ukikubaliwa unapewa kazi na nyumba. Mshahara ni mdogo, chini ya gharama za kuishi humo, kwa hiyo unakopa kwa kampuni, na deni likikua huwezi kuondoka. Baba yake Lauren anaitambua hila hiyo, kwa kuwa Marekani iliwahi kuwa na miji ya machimbo ya makaa ambako mfanyakazi alilipwa kwa vipande vya kununulia katika duka la kampuni tu. Anakataa kuhamia huko, ingawa mkewe anatamani sana. Angalia alichofanya Butler. Hakuleta jeshi la kuwakamata watu na kuwatia utumwani. Alileta fomu za maombi ya kazi, na watu wema wanaowapenda watoto wao wakazijaza kwa hiari.

Jambo la pili ni maumivu. Riwaya za namna hii zina mtego: damu inaweza kugeuka burudani. Butler alijiwekea kizuizi. Lauren ana hali ya kuzaliwa nayo, iliyotokana na dawa aliyoitumia mama yake akiwa mjamzito, inayomfanya ahisi mwilini mwake maumivu anayoyaona kwa mwingine. Mapema kitabuni wanatoka kwenda vilimani kufanya mazoezi ya kulenga shabaha, na mbwa koko mmoja anapigwa risasi asife. Lauren inambidi ammalize, na risasi ile anaisikia kana kwamba imempiga yeye. Tangu ukurasa huo mwandishi amejifunga mikono. Hawezi tena kuandika kipigo cha bure, kwa kuwa msimulizi wake atakilipia. Kila anapojitetea lazima aanguke na yeye. Sijaona njia bora kuliko hiyo ya kumzuia mwandishi asiufurahie ukatili anaoulaani.

Shajara nayo ina kazi yake. Anayeandika leo hajui kesho. Mtaa unapovamiwa na kuchomwa, Julai 2027, Lauren ana miaka kumi na minane. Hakuna msimulizi mkubwa wa kutuandaa. Baada ya hapo anavaa kiume na kushika barabara kuu kuelekea kaskazini, miongoni mwa maelfu wanaotembea kwa miguu, akiwa na ule mfuko wake.

Usidhani haya yalimjia Butler kirahisi. Aliianza riwaya hii, akakwama, akaianza tena, mara nyingi. Kilichomkwamisha si habari za moto wala ukame. Alikwama kwa Lauren. Alimtaka awe mwanzilishi wa dini mpya, kiongozi anayevuta watu, na Butler alikuwa amelelewa na maisha kuamini kwamba mtu anayetaka mamlaka ndiye asiyestahili kupewa. Sasa utamwandikaje kwa mapenzi mhusika ambaye humwamini? Alieleza baadaye kwamba ilimbidi kwanza ayatazame mamlaka kama chombo tu, kinachoweza kushikwa vizuri au vibaya. Halafu akafanya jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo: aliandika mashairi. Alitazama mtindo wa kitabu cha hekima cha Kichina, Tao Te Ching, mistari mifupi isiyo na mapambo, akaanza kuyatunga mafundisho ya Lauren kwa namna hiyo. Mistari hiyo ndiyo inayofungua kila sura. Kwa kuiandika alimsikia binti anavyofikiri, na kitabu kikasogea.

Nalisisitiza hili kwa vijana wanaoniletea miswada. Wengi wamechora ramani ya nchi yao ya baadaye, wana jina la rais, rangi ya sare za askari, hata sarafu. Mhusika wao hana hata wimbo anaoupenda. Ulimwengu umekamilika na ndani yake hamna mtu.

Butler si wa pekee katika kukusanya ushahidi. Margaret Atwood wa Kanada alianza The Handmaid's Tale mwaka 1984 akiwa Berlin Magharibi, ukuta ukiwa bado umesimama, na akajiwekea sharti kwamba hatatia humo tendo lolote ambalo binadamu hawajawahi kulitenda mahali fulani. George Orwell, ambaye sisi tunamjua zaidi kwa Shamba la Wanyama, ile tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya mwaka 1967, alikuwa mtu wa redio kama sisi. Alifanya kazi BBC kuanzia 1941 hadi 1943 akitayarisha vipindi vya kurushwa India. Katika Nineteen Eighty-Four nyembe hazipatikani na lifti haifanyi kazi, na hiyo ni London ya vita na baada ya vita, ambako hata mkate ulifikia kugawiwa kwa kadi mwaka 1946. Aliikamilisha katika kisiwa cha Jura, Uskoti, kifua kikuu kikimla, akiipiga chapa mwenyewe. Ilitoka Juni 1949, na Januari 1950 akafariki.

Kwetu, Euphrase Kezilahabi alichagua njia tofauti kabisa. Baada ya Rosa Mistika na Dunia Uwanja wa Fujo, riwaya ambazo unaweza kuzitembea kijiji kwa kijiji, alituandikia Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991. Humo dunia imevunjika, na lugha ya kuisimulia imevunjika nayo. Msimulizi anatangatanga, anauliza, anajibiwa kwa fumbo. Naziheshimu mno riwaya hizo, na nadhani hakuna aliyethubutu kwa Kiswahili kama yeye. Ila zinamdai msomaji aje na elimu kubwa. Natamani kando yake tuwe na mwandishi wa kutupa bei ya maji.

Njia ya Butler ina mpaka wake, nao tuuseme. Alikusudia kitabu cha tatu, Parable of the Trickster, kinachowafuata wafuasi wa Lauren hadi sayari nyingine. Mhusika mkuu alimwita Imara, jina letu wenyewe. Alikianza mara nyingi mno na hakukimaliza. Februari 2006 alifariki, na kilichobaki ni mianzo mitupu. Maoni yangu ni kwamba kule angani hakukuwa na gazeti la kukata wala basi la kupanda. Katika mianzo hiyo sayari imepauka, haina rangi, na watu wanaugua kwa kuikumbuka dunia. Nikisoma habari zake nahisi ni mwandishi mwenyewe anayeikumbuka dunia, akitafuta pa kushika.

Sisi pa kushika tunapo. Chukua programu za mikopo ya simu. Unaipakua, unakubali masharti bila kuyasoma, nayo inachukua majina yote yaliyomo katika simu yako. Ukichelewa kulipa, ujumbe unakwenda kwa bosi wako, kwa jirani, kwa mkweo, kwamba fulani ni mdaiwa sugu. Kenya ilitunga sheria mwaka 2021 kuipa Benki Kuu mamlaka juu ya wakopeshaji hao, na Tanzania mwaka 2024 Benki Kuu ilizipiga marufuku programu zisizo na leseni. Hizo ni habari, na waandishi wa habari wamezifanyia kazi.

Sasa aje mwandishi wa riwaya. Asituchomee mji. Aliache jambo hilo likue miaka thelathini, kisha atupeleke sebuleni, siku ya posa. Wazee wamekaa, kahawa imemiminwa, na kabla mahari haijatajwa mshenga anatoa simu na kuisogeza mezani ili upande wa mwanamke usome rekodi ya madeni ya kijana. Hakuna anayeshangaa. Bibi mmoja tu, pembeni, anageuza uso, kwa sababu yeye anakumbuka wakati ambapo kitu hicho kingekuwa matusi. Mjukuu wake anamwona, na hajui kwa nini bibi amegeuza uso. Ningependa kusoma ukurasa unaofuata, na ningependa uandikwe na mtu anayepanda daladala au matatu kila siku, daftari mkononi.